Nakshi Tisa za Bi Somoe

Kila asubuhi, jua likifika kwenye kizingiti, Mboni hukaa uani kwake Mtanda, mjini Lindi, kubangua korosho. Hupaka mikono mafuta ya nazi kwanza. Utomvu wa ganda la korosho unachoma ngozi, tena unaacha weusi ambao sabuni ya mche haiutoi. Kisha huweka korosho juu ya jiwe na kuigonga kwa kijiti kizito. Ganda linafunguka, kokwa inatoka. Ikitoka nzima, inakwenda kwenye bakuli. Ikivunjika, anaila.

"Leo utashiba kabla ya chai," mama yake alikuwa akimwambia.

Mama yake, Bi Somoe, alikuwa akikaa upande wa pili wa ua, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, anasuka ukili. Ukili ni utepe wa majani ya ukindu, upana wake vidole vinne. Tepe hizo zikiwa nyingi, huunganishwa kwa kushonwa, ukapatikana mkeka. Kwa miaka kumi na moja asubuhi zao zilikuwa hivyo. Mmoja anagonga, mwingine anasuka. Jiwe likisema ko, ukindu unajibu chrr. Hawakuwa watu wa maneno mengi.

Sasa jiwe lilikuwa likisema peke yake. Bi Somoe alikuwa amezikwa siku kumi na mbili zilizopita.

Mkeka wake wa mwisho ulikuwa juu ya kabati, umeviringishwa. Ulikuwa na nakshi tisa. Kila nakshi ilikuwa na jina, na majina hayo Bi Somoe aliyapata kwa mama yake, au aliyatunga mwenyewe. Nyayo za Kaa. Ngazi ya Mnazi. Mbegu za Tango. Jirani Funga Mlango. Alipokuwa akisuka aliyataja kama mtu anayeita kuku wake.

Mboni hakuwahi kujifunza. Alipokuwa msichana, mikeka ya plastiki ilikuwa imeanza kujaa madukani. Siku moja alimwambia mama yake, "Mama, ya plastiki hata ukiimwagia uji unafuta tu."

"Haya," mama yake alijibu bila kuinua macho. "Kafute."

Maneno hayo sasa yalikuwa yakimrudia Mboni kila akitazama juu ya kabati. Na muda ulikuwa mfupi. Kabla ya kufariki, Bi Somoe alisema mkeka ule apewe Bi Asumini, rafiki yake wa tangu utotoni. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Bi Asumini alitimiza ahadi. Siku ya arobaini angekabidhiwa mkeka, kisha angehamia Somanga kwa mwanawe. Angeutandika, angeulalia, na ungechakaa kama mkeka wowote. Nakshi tisa zingeishia hapo, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyejua kuzisuka.

Mboni alitaka azipate kabla mkeka haujaondoka.

Hussen, kaka yake anayekaa Kilwa Kivinje, hakuliona tatizo. Alikuja kupanga mambo ya arobaini, akautandaza mkeka sebuleni na kuupiga picha kwa simu yake.

"Tayari," alisema. "Zote tisa zimo humu."

Mboni akaitazama picha. Nakshi zilionekana kama mstari wa sisimizi. Nyekundu na zambarau zilikuwa rangi moja.

"Kaka, hapa ukindu mwekundu unapita juu ya mingapi?"

Hussen akaikuza picha. Akaikuza tena, mpaka ikawa ukungu. "Sasa hayo ya mingapi yananihusu nini mimi?"

"Ndiyo kusuka kwenyewe."

"Wewe hukutaka kusuka mama yupo. Leo hayupo ndiyo unataka kuhesabu."

Hakusema kwa ubaya, lakini Mboni aliyabeba maneno hayo mpaka jikoni.

Siku ya kumi na nne aliamua kuzichora. Alinunua daftari la shule na penseli. Kwenye kasha la mama yake kulikuwa na vikopo vya unga wa rangi ya ukindu, nyekundu, zambarau, kijani na nyeusi. Akafanya kama alivyomwona mama yake akifanya. Aliinjika sufuria motoni, maji yakachemka, akatia vijiko vitatu vya rangi nyekundu. Ilipokolea, alichovya brashi ya kunyolea ya mumewe, akaipaka kwenye ukurasa aliokwisha kuuchora.

Ukindu hustahimili rangi ya moto. Ukindu huloweshwa saa nzima ndipo rangi ikakamata. Karatasi ya daftari haikustahimili hata dakika moja. Ilivimba, ikajikunja, ikatoboka. Rangi ilipita kurasa nne hadi chini. Mistari ya penseli ilipotea kabisa.

Mumewe, Abdulrahmani, aliingia kutoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Akaitazama sufuria.

"Hiyo ndiyo ya wali?"

"Ilikuwa."

"Na hiyo ndiyo brashi yangu?"

Mboni alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Abdulrahmani akaketi kando yake. Hakuuliza tena habari ya brashi.

Baada ya hapo Mboni aliacha. Alichana kurasa zilizoharibika, akaziwashia moto wa chai. Daftari akalisukuma chini ya kitanda. Siku tisa zikapita. Alibangua korosho, akapika, akapokea waliokuja kutoa pole. Kila akikumbuka daftari alijiambia, mkono wangu ni wa kugonga, si wa kuchora.

Siku ya ishirini na tatu Natalia alikuja kurudisha ungo.

Natalia alikuwa jirani yao wa nyumba ya nyuma. Kwao ni vilimani huko bara ya Kilwa, kwa Wamatumbi, na alikuja Lindi kwa kazi yake ya kuchora mabango na kuandika majina ya maduka ukutani. Alikuwa mdogo kwa Mboni kwa miaka kama kumi.

"Shikamoo, da Mboni."

"Marahaba, mdogo wangu."

Natalia aliangalia sufuria iliyoning'inia ukutani, nyekundu ndani kama kidonda. "Sufuria imepatwa na nini?"

Mboni akasimulia. Natalia alisikiliza bila kucheka, mpaka ilipofika brashi ya kunyolea. Hapo alishindwa.

"Nisamehe, dada. Endelea."

"Hakuna cha kuendelea. Nimeshindwa."

"Nani kakwambia? Nipe hilo daftari."

Mboni akalitoa chini ya kitanda. Natalia alipitisha kidole mahali kurasa zilipochanwa.

"Kosa lako kubwa ni hili hapa."

"Kupika rangi?"

"Kuchana. Ungeniachia ukurasa ule ningekuonyesha palipoharibika. Sasa tunaanza bila ushahidi. Kuanzia leo hatuchani kitu. Ukurasa mbaya unauandikia tarehe, unaugeuza, unakwenda mbele."

"Leo ya ishirini na tatu. Zimebaki siku kumi na saba."

"Nakshi ngapi?"

"Tisa."

"Mama yako alisuka mkeka mzima siku moja?"

Mboni akafikiri. "Hapana. Alisuka kidogokidogo. Maharage yakiwa motoni, anasuka. Yakiiva, anaweka chini."

"Basi na wewe hivyohivyo. Kipande kimoja kwa siku, ukishabangua. Saa moja, usizidishe. Ukizidisha kesho utauchukia huo mkeka."

Alasiri ile Natalia alirudi na karatasi ya manila, rula, penseli laini, brashi mbili nyembamba, na kipande cha ubao.

"Karatasi ya daftari ni nyepesi," alieleza. "Rangi ya maji inataka karatasi nene. Tunaibana kwenye ubao kwa selotepu pande zote nne. Ikilowa haitajikunja. Tukimaliza tunaibandua ikiwa imekauka kabisa."

"Na rangi? Ninunue ya dukani?"

Natalia akafungua kikopo cha rangi nyekundu. Alikinusa, akatazama unga uliobaki. "Hii hii ya mama. Lakini usiipike. Chukua unga wa kuweza kukaa kwenye ncha ya kijiti, uweke kwenye kisosi, utie matone ya maji ya baridi. Na kisosi hicho kisirudi mezani. Rangi hii si ya kuliwa. Hata sufuria yako, dada, ndiyo basi tena, iwe ya kulowekea ukindu."

Walitandaza mkeka. Mboni alianza na Nyayo za Kaa, kwa sababu ilikuwa rahisi. Natalia alimfundisha kuchora vijichumba vidogo kwa rula, penseli ikigusa karatasi kidogo tu. Kila mahali ukindu mmoja ulipopita juu ya mwingine palikuwa na kijichumba chake. Mboni alihesabu kwa sauti. Juu ya miwili, chini ya mmoja. Juu ya miwili, chini ya mmoja.

Alikuwa ametazama nakshi ile maisha yake yote, na siku ile ndiyo aliiona.

"Sasa rangi," alisema Natalia. "Vikombe viwili vya maji. Hiki cha kusuuzia brashi, hiki cha maji safi. Ukitumia kimoja, rangi zote zitakuwa za matope. Kabla ya kupaka, jaribu kwenye karatasi chakavu. Anza na rangi hafifu. Ikiwa hafifu mno utaongeza. Ikikolea mno huwezi kuitoa."

"Na nyeupe? Mama hakuwa na kikopo cha nyeupe."

"Nyeupe yako ni karatasi. Unaiacha. Mama yako naye aliuacha ukindu mwingine bila kuutia rangi, si ndiyo?"

Mboni akatikisa kichwa kukubali. Alijaza kijichumba cha kwanza. Kilipendeza. Akajaza cha pili, cha kijani, palepale kando yake. Nyekundu ikakimbilia kijani, na katikati pakawa rangi ya chai.

"Nilijua," alisema Natalia. "Usihamaki. Ulipaka kabla jirani yake hajakauka. Paka nyekundu zote kwanza. Nenda kakoroge mboga. Ukirudi, paka kijani."

"Kumbe na hapa kuna kukoroga mboga."

"Hapa ndipo palipo na kukoroga mboga zaidi."

Siku ya pili Mboni alichora Ngazi ya Mnazi peke yake. Siku ya tatu alikaa kwa hamu, akachovya brashi, akapaka, na rangi ikakataa. Ilijikusanya vitonevitone na kukimbia, kama maji juu ya jani la myugwa. Alipaka tena. Ikakataa tena. Moyo ukaanza kumwambia yale ya zamani, kwamba mkono wake ni wa kugonga. Alishika ukingo wa karatasi kutaka kuichana. Akakumbuka, akaandika tarehe, akaenda kumwita Natalia.

Natalia aliinamisha ubao kwenye mwanga. Kwenye karatasi kulikuwa na alama za vidole, zinang'aa.

"Ulinawa?"

"Nilijifuta."

"Mafuta ya nazi, dada. Umepaka ya kubangulia, ukaja nayo hapa. Rangi ya maji haishiki penye mafuta. Nawa kwa sabuni na majivu, kausha mikono, na weka karatasi nyingine chini ya kiganja chako unapochora."

Mboni akaangalia vidole vyake, vyeusi kwenye ncha. "Basi si mkono mbaya."

"Ni mkono mchafu tu."

Wakacheka wote wawili. Kisha Mboni akauliza jambo alilokuwa nalo tangu siku ya kwanza. "Natalia, na wewe umewahi kuacha kuchora?"

Natalia aliuweka ubao chini. "Watu walipoanza kuchapisha mabango kwa mashine, niliweka brashi chini miezi saba. Nilikuwa napita mbele ya duka nililoandika mimi, nageuza uso."

"Ulirudi kwa bango gani?"

"Sikurudi kwa bango. Nilirudi kwa kikombe changu cha chai. Kila siku nikishafua nilikichora, dakika kumi, kikombe kilekile. Sikumwonyesha mtu. Wiki ya tatu nilikuwa nimekichoka hicho kikombe, nikaanza kumtamani mbuzi wa jirani. Kutamani kukishaingia, umerudi."

Siku ya thelathini na tatu nakshi saba zilikuwa zimekamilika. Mbili zilikuwa na matope, moja ilikuwa imepinda. Zote zilikuwa na tarehe. Mboni alizipanga ukutani, na ya kwanza na ya saba hazikufanana. Ya saba ilichorwa na mtu anayejua anachotazama.

Zikabaki nakshi mbili, na herufi. Mboni alitaka kila jina liandikwe chini ya nakshi yake, vizuri, kwa herufi kubwa. Alianza JIRANI FUNGA MLANGO upande wa kushoto, kwa ujasiri. Alipofika MLA karatasi ilikwisha. NGO alizibana pembeni, moja juu ya nyingine.

Hussen, aliyerudi kwa ajili ya arobaini, alikuwa amesimama nyuma yake. "Mlango huo haufungiki," alisema.

"Kaka, kama umekuja kunicheka, keti, usinichekee umesimama."

Hussen akaketi. Natalia, aliyekuwa ameketi kando yao, akamweleza Mboni.

"Usianzie pembeni, anzia katikati. Piga mistari miwili, wa juu na wa chini, herufi zote zikae humo. Halafu hesabu nafasi. Kila herufi nafasi moja, na uwazi kati ya maneno nafasi moja. I ni nyembamba, ihesabu nusu. M ni nene, iwe moja na nusu. Gawa kwa mbili, ndiyo katikati ya jina. Iweke katikati ya karatasi, uandike kwa penseli kwenda huku na huku. Ukiridhika ndipo upite na brashi."

Hussen alikuwa akizitazama nakshi ukutani. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Aliinuka, akaigusa ya tano.

"Hii... Hii si Mume Yuko Somanga?"

"Ndiyo," alisema Mboni.

"Baba alipokwenda Somanga kuuza chumvi. Mama alisema anaisuka pana, kwa sababu kitanda kina nafasi." Hussen alicheka kwa pua. "Baba aliporudi akaambiwa jina, akanuna siku mbili."

Hussen akavuta rula. "Nipe hiyo ya Mbegu za Tango, nikupigie mistari. Mistari naweza."

Siku ya thelathini na tisa, nakshi zote tisa zilikuwa kwenye karatasi. Majina yalikuwa manane. Ya tisa, ile nyembamba ya pembeni, nyekundu na nyeupe tu, hakuna aliyejua jina lake. Mboni alikumbuka kila jina alilosikia uani. Hilo hakulisikia kamwe. Hussen naye hakulijua. Mboni akaacha chini yake mistari miwili mitupu.

Arobaini ilisomwa asubuhi. Watu walikula, wakaomba dua, wakaanza kutawanyika. Mboni aliushusha mkeka, akaukung'uta, akampelekea Bi Asumini kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Amana yako hii."

"Marahaba, mwanangu." Bi Asumini aliuweka mapajani, akaupapasa kwa kiganja, kwa sababu macho yake hayakuona vizuri. Kidole chake kilipita juu ya kila nakshi, naye akaitaja. Nyayo za Kaa. Ngazi. Jirani. Kilipofika pembeni kikasimama.

"Na hii kaiweka," alisema polepole. "Nilidhani ameiacha."

Mboni akapiga magoti. "Mama, hiyo inaitwaje?"

"Wewe huijui?"

"Hakuwahi kuitaja."

"Asingeweza kuitaja mbele yako, ungevimba kichwa." Bi Asumini alitabasamu. "Ulikuwa mtoto wa kulia. Mchana kutwa mgongoni. Ukipata usingizi, mama yako anakulaza, anasuka upesi, hesabu fupi, rangi moja, ili ukishtuka aweze kuuacha ukili bila kupoteza mahali. Nami nikija namuuliza, leo unasuka ipi? Ananong'ona, ndiyo hii, Mboni Kalala."

Hussen, mlangoni, aligeuka kutazama nje.

"Ulikuwa hulali sana," Bi Asumini aliongeza. "Ndiyo maana ni nyembamba."

Jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, Mboni alinawa kwa sabuni na majivu, akakausha mikono. Akahesabu nafasi za jina lile. Herufi tano, uwazi, herufi sita. M moja na nusu, I nusu. Kumi na mbili. Katikati yake ni sita. Aliandika kwa penseli kutoka katikati kwenda huku na huku. Kisha akatia kwenye kisosi rangi nyekundu ya mwisho iliyobaki kwenye kikopo cha mama yake, matone matatu ya maji, akapita juu ya herufi moja baada ya nyingine. MBONI KALALA. Jina lilikaa katikati sawasawa. Akaandika tarehe.

Mwezi mmoja baadaye kifurushi kilifika kutoka Somanga. Kilikuwa na mafungu mawili ya ukindu, moja jeupe, moja jekundu. Bi Asumini alikuwa amemtuma mtu aseme, ukianza kwa nyembamba hutakosea.

Asubuhi iliyofuata Abdulrahmani alikuwa ndani anafunga vifungo vya shati aende kibandani. Jiwe la korosho lilikuwa limenyamaza. Halafu akasikia chrr. Mkono ukasimama kwenye kifungo. Akatoka mpaka mlangoni.

Mboni alikuwa amekaa upande wa pili wa ua, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Karatasi ya tisa ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe mbele yake. Alikuwa akihesabu kwa mdomo.

"Nilidhani..." Abdulrahmani alisema.

"Najua," alisema Mboni. "Juu ya mmoja, chini ya mmoja. Usinipotezee hesabu."

Ukili ulikuwa umefika urefu wa vidole vitatu. Ulikuwa umepinda. Hakuufumua.